Safu ya Mwaka Jana

Mimi ni mtu wa mapepe, sikatai. Mama alikuwa akisema hata nikilala miguu yangu inaendelea na safari. Kazini kwangu, masijala ya hospitali moja kubwa hapa Mwanza, ukikuta kiti changu kimekaliwa ujue aliyekaa si mimi. Nitakuwa juu ya ngazi napanga majalada, au nimechutama chini ya rafu natafuta jalada ambalo mtu fulani amelirudisha anakokujua mwenyewe. Nimeifanya kazi hiyo zaidi ya miaka ishirini, na nilikuwa najisifu waziwazi, hata mbele ya wakubwa, kwamba mikononi mwangu jalada halipotei. Mtu akija kusema limepotea namuuliza, limepotea au umelipoteza?

Mwezi wa Juni, daktari wa ngozi alikuja dirishani kwangu. Binti mdogo, mgeni hapa mjini, umri wa mwanangu wa kwanza, ana adabu mpaka unamhurumia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Jalada gani?"

"Si jalada, mama. Nataka unisaidie kuhesabu."

Akanieleza. Kliniki yake ilikuwa inajaa. Kila aliyemuuliza, kuanzia wauguzi hadi wafagizi, alimwambia saratani ya ngozi inapanda, siku hizi imezidi, zamani haikuwa hivi. Lakini akiuliza imepanda kutoka wapi mpaka wapi, watu wanatazama dari. Alitaka nipitie madaftari ya maabara, mwaka hadi mwaka, nihesabu majibu ya aina moja tu: ile saratani inayoanza kama kidonda kidogo kisichotaka kupona, kwenye sikio, mdomoni, shavuni, popote jua linapofika kwanza. Hapa kwetu aina hiyo inawaandama zaidi watu wenye ualbino.

Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Na si kwa ajili yake. Mdogo wangu wa kiume, wa tumbo moja, ana ualbino.

Tulizaliwa wawili tu, yeye akinifuata kwa miaka minane. Siku mama aliporudi naye nyumbani majirani walikuja kutazama, si kupongeza. Mama akawapa viti, akawapa uji, akawaambia, "Haya, mmeshamwona. Kunyweni mwende." Mama alikuwa mtu wa visiwani, upande wa Ukerewe, na kwa ulimi wake L na R zilikuwa herufi moja, alichukua iliyokuwa karibu. Jina la mdogo wangu, ambalo sitaliandika hapa, kwa maandishi linaanza na L. Mama alilitamka kwa R hadi siku alipofariki, na mdogo wangu naye akalishika hivyo hivyo.

Mimi nilisoma bweni, nikarudi na Kiswahili kilichonyooka, nikawa balaa. Likizo zote nilikuwa namsimamisha mbele ya nyumba, nimeshika fimbo, namwambia, "Sema L! Pandisha ulimi juu! Wanakucheka rangi, unataka wakucheke na maneno?" Analia, anasema L. Nikigeuka tu, R. Nilidhani namsaidia, jamani. Kweli nilidhani hivyo.

Siku hizi ni fundi cherehani Sengerema, ng'ambo ya ghuba. Anashona sare za shule, na mkono wake ni safi. Macho yake hayaoni mbali, kitambaa anakisogeza mpaka kiguse pua, na chumba chake cha kazi kina giza, kwa hiyo cherehani ameiweka barazani. Akikaa pale, sikio la kushoto linaelekea barabarani, na asubuhi nzima jua linalipiga hilo hilo. Kofia za ukingo mpana nimempelekea mpaka nimechoka.

"Dada, nikivaa hii wateja watadhani nimetoka kupanda mpunga."

"Vaa."

"Nitaivaa ukiondoka."

"Vaa nikuone!"

Anaivaa, anacheka, na najua kabisa kwamba nikifika stendi tu kofia imerudi kwenye msumari. Kichwa kigumu, na kichwa kigumu hicho amekitoa kwetu sote.

Sasa, nirudi nyuma kidogo, Oktoba, miezi minane kabla ya daktari kuja dirishani. Nilikwenda Sengerema kuwasalimia nikamwona na kitu juu ya sikio lile. Kidogo, kama punje ya mtama, kina gaga juu yake. Akasema ni wembe wa kinyozi. Nikamuuliza kinyozi gani huyo ananyoa masikio. Akasema kinapona. Nikasema kinapona tangu lini. Mkewe, wifi yangu, alikuwa anamenya ndizi, akajibu kwa niaba yake: tangu Pasaka. Ala! Nilisimama pale pale, nikampigia mwenzangu kazini, nikamwambia amwandike kliniki ya wiki ijayo.

Jalada lake nililifungua mimi mwenyewe kesho yake, kabla hajafika, ili asisote kwenye foleni. Niliandika jina kwa herufi zangu nzuri: L. Nikaliweka mezani kwangu limngoje.

Siku aliyokuja, mimi na masijala nzima tulikuwa tumefungiwa ukumbini tunafundishwa mfumo mpya wa kompyuta. Nilimwambia kwa simu asubiri. Hakusubiri. Alikwenda dirisha la wagonjwa wapya kama mtu yeyote, kijana wa zamu akamuuliza, unaitwa nani mzee, naye akajitaja kama mama alivyomtaja. Kijana akaandika alichosikia. Akafunguliwa jalada lingine. Daktari aliyekuwepo wakati ule akamkata kinyama cha sikio kwa ajili ya kipimo, akamwambia arudi baada ya wiki tatu kuchukua majibu. Haya yote nilikuja kuyajua baadaye. Jioni ile alinieleza tu kwamba wamemkata, hakulia, na kwamba arudi baada ya wiki tatu; jalada langu nilipolikuta mezani nilidhani limesharudishwa kutoka kliniki.

"Usijisumbue kuvuka," nikamwambia. "Mimi niko ndani. Nitakuangalizia."

Baada ya wiki tatu niliingia kwenye mfumo, nikaandika jina lake. Hakuna. Wiki ya nne, hakuna. Nikampigia karani wa maabara ya vinyama. Huyu ni mtu wa makamo, mpole, ametokea Mara, na kwenye mdomo wake L na R zinabadilishana viti zipendavyo. Nilikuwa namtania kila siku. Tulikuwa tukikutana kwenye chai namuuliza, kaka, leo unakula au unakura? Anacheka. Sasa nikamtajia jina la mdogo wangu, na kwa kuwa nilimjua nikamwekea mkazo.

"L, kaka! L kama limau. Si rimau yako. Angalia kwenye L."

"Haya dada. L." Nikasikia kurasa za orodha yake ya majina. "Kwenye L hakuna."

Aliangalia pale nilipomwambia aangalie. Nilikata simu nikajipa moyo. Nilijiambia kwamba kama ingekuwa mbaya tungeshaambiwa, maabara hawakai na jambo kama hilo. Nikampigia mdogo wangu nikamwambia hakuna majibu, maana yake ni kawaida. Neno hilo nililisema kwa mdomo wangu: ni kawaida. Mimi, ninayejua masijala ilivyo.

Kwa hiyo, daktari yule binti aliponiomba kuhesabu, nilikuwa na moyo mwepesi. Nilitaka kuwahesabia wengine. Nilipewa kimeza kwenye chumba cha pembeni maabarani, na madaftari makubwa ya miaka kadhaa yaliyojaa vumbi. Kuyasoma moja moja kwa utulivu siwezi, jicho langu linatangatanga kama mimi. Nikabuni njia. Nilichukua jalada tupu, nikalikata, nikaziba upande wote wa majina ili nione safu moja tu, ya majibu. Nikikuta aina ile naweka nukta ya penseli pembeni mwa mstari, halafu kwenye karatasi yangu nachora kijiti. Vijiti vinne, cha tano kinalala juu yao. Kila mwaka na safu yake.

Kazi ilinikolea. Nilikuwa nahesabu nimesimama, mguu mmoja juu ya kiti. Madaftari ya zamani yalinipa shida, kwa sababu mahali pengi pameandikwa tu "kidonda sugu", basi, hakuna zaidi. Kidonda sugu kilikuwa neno la kila kitu. Mtu alikuwa na donda nusu ya uso, daftari linasema kidonda sugu. Je, nimhesabu? Nilimuuliza karani.

"Usimhesabu, dada. Hakupimwa."

"Lakini unajua kilikuwa nini."

"Najua. Lakini hakupimwa." Akavua miwani akaifuta. "Ndiyo maana mimi nasema haipandi. Wanaopanda ni watu wanaokuja. Zamani walikuwa wanafia mashambani huko, wamefunikwa khanga usoni, nani alikuwa anawahesabu? Siku hizi magari ya kliniki yanakwenda vijijini, redio inasema, mama anamleta mtoto akiona doa tu."

"Acha bwana! Hata jua huoni lilivyo? Mawe ya pale kwangu Ilemela saa nne tu huwezi kuyakalia."

"Mawe yalikuwa ya moto hata babu yako akiwa mtoto."

Tulibishana hivyo siku tatu. Alikuwa na hoja, na hoja yake ilinikera, kwa sababu safu zangu zilikuwa zinarefuka na nilizipenda zikirefuka. Lazima niseme hili kama lilivyokuwa. Kila mwaka ulishinda ule wa nyuma yake, na safu ya mwaka jana ndiyo ilikuwa ndefu kuliko zote, ikapita mwisho wa karatasi nikaunganisha kipande kwa gundi. Nilipochora kijiti cha mwisho nilipiga makofi. Nilimwambia karani, haya, sema sasa! Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Daktari aliipokea karatasi kwa mikono miwili. Akaisoma polepole, akaniuliza, kwa adabu yake ile, kama nimeangalia waliorudiwa.

"Waliorudiwa vipi?"

"Mtu mmoja kuandikwa mara mbili, mama. Wiki iliyopita nilipata mgonjwa ana majalada mawili. Moja limeanza na L, lingine na R. Alikuwa amepimwa mara mbili, kila jalada na majibu yake. Hapa nimeona wanachanganya sana."

Nilichemka. Nilimwambia kwangu hakuna kitu hicho, labda huko dirishani kwa vijana. Nilimwambia mimi L na R nilizitenganisha kabla yeye hajazaliwa. Maskini, akasema samahani mama. Nikaondoka na karatasi yangu nikitembea kwa kishindo, na kwa hasira zile zile nikarudi maabarani, nikafungua daftari la mwaka jana, nikaondoa kile kipande nilichozibia majina. Nilitaka kumwonyesha kwamba amekosea.

Hakukosea. Ukurasa wa pili tu nikawapata: bibi mmoja wa Magu, umri ule ule, kijiji kile kile, shavu lile lile, jina mara kwa L, mara kwa R. Nikamfuta mmoja. Nikapata mwingine. Nikaanza hata kucheka, namwambia karani, ona mambo yenu haya, mnatuzalishia wagonjwa mapacha! Naye anacheka. Tukafika Oktoba.

Mstari ulikuwa katikati ya ukurasa. Mwanaume. Sengerema. Umri ninaoujua bila kuhesabu. Kazi: fundi cherehani. Kinyama kutoka sikio la kushoto. Jina limeandikwa kama mama alivyoliita, kwa R, na chini yake jina la baba yetu, lile lile langu. Kwenye safu ya majibu neno lilikuwa limeandikwa wazi, saratani, na aina yake ni ile ile niliyokuwa naitafuta. Na pembeni mwa mstari kulikuwa na nukta ya penseli. Nukta yangu. Nilikuwa nimeshampitia. Nilikuwa nimeshamchorea kijiti.

Kabla ya huzuni niliona haya. Sijui niseme vipi. Niliona haya mpaka nikafunika ukurasa kwa mkono ili karani asione, na yeye alikuwa ameshaona.

"Dada," akasema, "ulinituma kwenye L."

"Najua."

"Ungeniambia tu ni ndugu yako, ningeangalia kote."

"Najua, kaka. Nyamaza kidogo."

Nilimpelekea daktari daftari, akasema nimlete kesho bila kukosa. Sikungoja asubuhi. Nilitoka vile vile na sare ya kazi nikapanda basi Nyegezi. Kigongo tukashuka kungoja kivuko. Daraja jipya lilikuwa limesimama pale pembeni karibu limekwisha, magari bado hayaruhusiwi, na kila mtu analitazama analisifia. Mimi nilitamani kulivuka kwa miguu. Kwenye kivuko nilikwenda mbele, nikarudi nyuma, nikapanda juu, nikashuka, mpaka mama mmoja mwenye kikapu cha nyanya akaniambia, "Mama, hebu kaa, unatuzungusha vichwa." Nilimjibu vibaya. Jua la saa saba lilikuwa linawaka juu ya maji na linarudi usoni, na mimi nilikuwa natazama masikio ya watu. Kila sikio. Nani ana kofia, nani hana. Miezi minane. Nilikuwa nazihesabu safari zote ambazo angeweza kuvuka kuja kuchukua karatasi moja, kama si mimi kumwambia asijisumbue.

Nilimkuta barazani anakunja kola. Sikio lilikuwa limefunikwa kitambaa cheupe cha mashati ya shule, kimefungwa kwa ustadi kwa kuzungushwa kichwani. Nilikiinua: ile punje ya mtama ilikuwa imekula nusu ya juu ya sikio, na chini ya taya palikuwa na uvimbe mgumu. Niliugusa kabla hata hajaniamkia.

"Shikamoo dada. Mbona na sare? Umefukuzwa kazi?"

"Marahaba. Mbona hukuniambia kimefika hapa?"

"Si ulisema ni kawaida?" Alikuwa anatabasamu bado. "Nikasema, kama hospitali imesema ni kawaida, basi ni kidonda tu. Kidonda kinafungwa."

Wifi alitoka ndani. Yeye hakutabasamu. Alisema, "Mimi nilimwambia mara mbili twende tukaulize wenyewe. Akasema dada yupo ndani, dada hawezi kukosea." Akarudi alikotoka, nikasikia sufuria zinawekwa kwa nguvu.

Nikamweleza. Nilijaribu kukaa kwenye benchi la wateja nikashindwa, nikamweleza nikiwa natembea kutoka nguzo hii hadi nguzo ile. Nilimwambia kuhusu majalada mawili, kuhusu limau na rimau, kuhusu karatasi niliyozibia majina. Aliacha kukanyaga cherehani. Alisikiliza ameinamisha kichwa, sikio zima likiwa kwangu.

"Kwa hiyo kumbe majibu yalikuwepo."

"Tangu Novemba."

"Na kwenye hiyo hesabu yako na mimi nimo?"

"Umo."

"Mwaka huu?"

"Mwaka jana."

"Na ulivyokuwa unahesabu, ulikuwa unafurahi? Sema kweli. Nakujua wewe ukishinda."

Nilitamani kumdanganya, na ninajua kudanganya vizuri. "Nilifurahi," nikamwambia. "Nilipiga makofi."

Akacheka. Haki ya Mungu, akacheka, cheko lile la baba, mabega yote. Halafu akaacha ghafla, akashika kola aliyokuwa anaikunja, akaitazama karibu na pua, akaniambia taratibu, "Ulinitandika utoto mzima kwa ajili ya hiyo herufi. Na bado imekushinda." Nilimwomba msamaha, yeye akasema begi liko ndani, mwambie wifi yako apange nguo.

Wakamfanyia upasuaji wiki iliyofuata. Walimwondoa sikio lote la nje, wakasafisha shingo, vile vinundu vya shingoni wakavipeleka maabara kuona kama ugonjwa umeshavuka. Daktari alinieleza bila kuzunguka: kama ugonjwa utakutwa sikioni peke yake, tutakuwa tumeuwahi. Kama umo shingoni, ni habari nyingine, ni mionzi, ni safari ndefu, na hakuna anayeweza kuahidi kitu. Nikamuuliza, na Oktoba? Ingekuwa Oktoba? Akatazama viatu vyake. Adabu yake ile ile.

Katika siku hizo za kungoja nilimaliza ile hesabu. Niliomba niimalize. Vinginevyo ningezunguka wodi mpaka wanifungie mlango. Nilipitia kila jina sasa, kwa sauti, L na R, nikiwa na karani kando yangu, na kila aliyerudiwa tukamfuta mmoja. Safu ya mwaka jana ikapungua, ikarudi ndani ya karatasi. Lakini hata ilivyopungua ilibaki ndefu kuliko za nyuma. Mdogo wangu hakufutika. Kwa maabara alikuwa mtu mmoja, jalada moja, kijiti kimoja. Lile jalada nililolifungua mimi ndilo lilikuwa tupu.

"Inapanda," nikamwambia daktari. "Hata ukitoa mapacha, inapanda."

"Inapanda, mama. Ila siwezi kusema kama ni ugonjwa umezidi, au watu wamezidi, au wanaofika hapa ndio wamezidi."

"Sasa utasema nini?"

"Nitasema tunaowaona wanaongezeka. Na kwamba tunawaona wamechelewa."

Nilikasirika tena. Nilitaka aseme ni jua, au ni serikali, au ni kinyozi, nilitaka kitu chochote chenye jina ambacho si mimi. Nilitoka nikaenda kupanga majalada yaliyokuwa yamepangwa.

Siku ya tisa karani alikuja masijala mwenyewe. Hajawahi kuja masijala. Sisi ndio tunaomfuata. Alikuwa na karatasi moja, ameikunja mara mbili. "Nimeiandika kwa herufi zote mbili," akasema, "na nimeileta kwa mkono." Sikumtania. Nikaifungua nikiwa nimesimama kwenye ngazi, nikaisoma, nikashuka, nikaisoma tena chini. Kwenye vinundu vya shingo, vitatu vilikuwa na saratani.

Daktari alisema atakuja kumwambia baada ya kliniki. Nikasema hapana, nitamwambia mimi. Sikutaka asikie kwa mtu mwingine jambo ambalo chanzo chake nakijua. Nilipanda ngazi za wodi karibu nikikimbia, na njiani nilijipangia maneno, ya kuanzia, ya katikati, ya kumtia moyo mwishoni. Ilikuwa saa ya wagonjwa kutembelewa. Wodi imejaa ndugu na mabakuli. Yeye alikuwa amelala chali, bandeji kubwa upande ule wa mlangoni nilikotokea, macho amefumba kwa sababu ya mwanga wa dirisha. Wifi alikuwa ameteremka kununua maji.

Nilisimama pale pale nilipofikia. Nilijua nikizunguka kitanda nitageuza njia, nitakwenda kwanza kutafuta kiti, nitakwenda kumwita nesi, nitakwenda popote. Kwa hiyo nikasema yote kwa mara moja, haraka, bila kupumua: kwamba majibu yametoka, kwamba ugonjwa umeshafika shingoni, kwamba Oktoba ulikuwa bado haujafika, kwamba aliyemchelewesha ni mimi.

Akafumbua macho, akageuza kichwa kidogo kunitafuta.

"Dada, ni wewe? Umesema nini? Upande huo kuna pamba, sikusikia."

Wa vitanda vya jirani walikuwa wamesikia. Kijiko kimoja kilikuwa kimesimama hewani. Nikazunguka kitanda, nikainama kwenye sikio alilobaki nalo, nikamwambia tena, lote, tangu mwanzo.